Kicheko Kwenye Diski ya Makauboi

Mchana wa Jumamosi ile, ghorofa ya chini ya jengo la maduka ya simu ilikuwa imefurika watu. Kila duka lilikuwa limefungulia spika zake hadi mwisho, na hapakuwa na aliyemsikia mwenzake. Chini ya ngazi palikuwa na duka la diski za filamu lililokuwa likifungwa. Mwenye duka alikuwa amechoka kungoja wateja waliohamia kwenye simu zao, akamwaga mali yote ndani ya beseni kubwa la plastiki na kuacha watu wachakure.

Wawili walikuwa wakichakura, kila mmoja upande wake, bila kutazamana. Mkono wa mwanamke ukashika kona ya kasha moja. Mkono wa mwanamume ukashika kona ya pili ya kasha lilelile. Hakuna aliyeachia.

"Samahani kaka, nimeanza mimi."

"Dada, mimi nimeishika tangu ikiwa chini ya zile za karate."

"Kama unaijua kweli, niambie inahusu nini."

"Makauboi wawili, ndugu, wajinga kuliko farasi wao. Wanakwenda kuiba benki, wakitoka na magunia, farasi anagoma. Kila wakimvuta anakaa chini. Haya, zamu yako. Mkuu wa polisi wa ule mji ana kasoro gani?"

"Haoni mbali. Anakamata kila mtu isipokuwa wezi. Ningempima macho bure."

Mwanamume akacheka, na hapo ndipo alipomtazama vizuri. Mwanamke alikuwa amevaa gauni la kijani lililomkaa kiunoni na miwani ya fremu nyekundu, ingawa macho yake hayakuwa na ila yoyote. Alikuwa mpima macho katika duka la miwani lililokuwa ng'ambo ya barabara, na mwajiri alitaka wafanyakazi wavae bidhaa. Mwanamume alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu, na hedfoni kubwa zimemning'inia shingoni. Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti za zamani: hotuba, mahubiri, nyimbo za harusi zilizoliwa na unyevu. Jengo zima lilimwita Masikio.

"Una mashine ya kuichezea?" Masikio aliuliza.

Mpima macho akalitazama kasha. Alikuwa ameitafuta diski ile miaka na miaka, na hakuwahi kufikiria ataiingiza wapi akiipata.

"Mimi ninayo, nzima," Masikio akasema. "Tufanye hivi. Diski yako, mashine yangu. Tuitazame pamoja mara moja, kisha uichukue uende zako."

"Na wewe unapata nini?"

"Napata kukaa karibu na wewe mpaka filamu iishe. Ni biashara nzuri."

"Una ulimi wewe."

"Ajabu. Watu husifu masikio."

Mpima macho akakubali huku akitabasamu, lakini sababu yake ilikuwa nyingine kabisa. Chini ya kasha palikuwa na maandishi madogo: Imetafsiriwa na Mkalimani. Zamani, filamu zilipokuwa bado zinakodishwa madukani, walikuwapo watu waliokaa mbele ya runinga na maikrofoni na kuisema filamu yote kwa Kiswahili, sauti zote wao, za wanaume, za wanawake na za farasi. Mkalimani alikuwa bingwa wao. Huyo ndiye baba yake. Alirekodi nyumbani, sebuleni, na siku aliporekodi filamu hii mke wake alikuwa ameketi nyuma yake akicheka. Mke huyo alifariki binti yao akiwa hajaanza shule. Mkalimani akauza maikrofoni, akagawa diski zote, na tangu hapo hakulitaja jina la marehemu. Ni shangazi mtu aliyemnong'oneza binti: "Ukitaka kumsikia mama yako, itafute ile ya farasi mkaidi. Yumo humo."

Hakumwambia Masikio neno hata moja juu ya hayo. Aliwahi kumwambia mwanamume mwingine, mchumba wa kwanza, na yule akamjibu kwamba anatafuta mzimu, kisha akaenda kuwachekesha rafiki zake kwa habari hiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Dada wa watu akafunga mdomo.

Studio ya Masikio ilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya kiwanda kidogo cha kuchapa kadi. Kuta zilikuwa zimefunikwa kwa sponji na mlango ulikuwa mnene. Ulipofungwa, jiji lilikatika. Ukimya wa humo ulimfanya mtu asikie damu yake mwenyewe ikipita masikioni, na mpima macho hakuupenda.

Picha ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

"Rangi zote zimehama," alisema, amesogeza kiti mbele kama yuko kazini. "Nyekundu imekuwa kahawia. Na aliyenakili ameibana picha ienee kwenye runinga ya kizamani. Tazama, watu wote wamekonda na farasi wamekuwa twiga."

"Wewe lalamikia picha, sauti niachie mimi. Unasikia mvumo huo chini? Ni feni. Kulikuwa na feni chumbani. Risasi zikilia zinapasuka, maskini maikrofoni ilikuwa ndogo. Lakini msikilize Mkalimani! Mimi nimejifunza kusikiliza kwa mtu huyu. Anahema kabla ya kila kichekesho, umesikia?"

Wakati huo makauboi walikuwa wakitoka benki na magunia yao. Farasi alikuwa bado amesimama wima, mpole, hajafanya lolote. Ndipo kicheko kikaja. Kilitoka mbali nyuma ya sauti ya Mkalimani, kicheko cha mwanamke, kikaanza chini, kikapanda, kisha kikakatika kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Baada ya hapo ndipo farasi akakaa chini.

Masikio akasimamisha. "Umesikia?"

"Nini?"

"Kuna mtu anacheka humo ndani. Amecheka kabla."

"Labda masikio yako yana njaa."

Akaendelea kuicheza. Kikaja tena, na tena, kila mara kabla ya kichekesho, kana kwamba yule mwanamke anaona mbele kuliko filamu. Masikio aliyekuwa amezoea sauti za marehemu wa kila aina alihisi nywele za mikono zikimsimama. Akamtazama mwenzake. Alikuwa anatetemeka, vidole vimezama kwenye kiti, machozi yakimlengalenga nyuma ya ile miwani ya bure. Masikio akadhani ni woga. Akatungua koti lake msumarini akamfunika mabegani.

Filamu ilikuwa karibu nusu ilipokwama. Farasi alikuwa mbele ya mlango wa baa, mguu mmoja juu, picha ikavunjika vipandevipande, na sauti ikaanza kurudia pumzi moja ya kile kicheko, ileile, ileile, ileile, mpaka Masikio akachomoa waya ukutani. Hata baada ya hapo kila mmoja alihisi bado anaisikia.

"Unaweza kuifanya isikwame?" mpima macho aliuliza kwa sauti ndogo. "Hilo tu."

"Niachie. Nitakurudishia kitu ambacho hujawahi kukiona."

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa kisingizio cha diski. Kila siku palikuwa na simu ya kuulizia mgonjwa, na mgonjwa akasahaulika kabla salamu hazijaisha.

"Umekula, Daktari wangu?"

"Mara ngapi nikuambie mimi si daktari? Napima macho tu. Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako, nimeshiba."

"Mwongo mkubwa! Leo nimempima mzee mmoja, amesoma herufi zote mpaka jina la kiwanda lililo chini kabisa ya ubao. Nikamuuliza, sasa baba, usiyemwona ni nani? Akasema mke wangu, akiwa karibu simwoni."

"Mimi nikikukosa karibu ndipo sioni kitu."

"Nenda kalale, Masikio."

"Saa kumi na moja jioni?"

"Kalale tu, unanifanya nicheke mbele ya wateja."

Walikutana kwenye bustani ya nyuma ya maktaba, yeye na magauni yake yaliyochaguliwa kwa uangalifu, Masikio na mashati yake ya pasi nusu. Mpima macho alimfundisha kupiga pasi mgongoni, akamwambia kwamba mama yake alifariki, ila ya diski hakuyagusa. Masikio akamfundisha kufumba macho barabarani na kutaja kila kilichopita kwa mlio wake. Walipendana, hilo halina ubishi, na hata shangazi alianza kumuuliza binti kwa nini anaoga mara mbili siku za Jumamosi.

Lakini siku moja, katikati ya simu, Masikio alinyamaza ghafla.

"Nani yuko hapo nawe?"

"Hakuna mtu. Niko chumbani peke yangu."

"Nimesikia mtu anacheka nyuma yako."

Mpima macho akageuka nyuma. Chumba kilikuwa kitupu, pazia limetulia. "Ni televisheni ya shangazi," akasema. Shangazi hakuwa na televisheni.

Masikio hakusahau. Alijiambia kwamba kile kicheko kinamsumbua mpenzi wake, kimemfuata mpaka chumbani, na kwamba mwanamume anayejua kazi hawezi kuketi akitazama. Hapo ndipo penzi lilipomponza. Hakuuliza. Alifanya.

Alichota filamu yote kutoka kwenye diski akaiingiza kwenye kompyuta. Akawanyoosha farasi wakawa farasi. Akairudishia nyekundu wekundu wake na anga rangi yake ya samawati. Akautoa mvumo wa feni, akaziba mipasuko ya risasi, kisha akakigeukia kile kicheko. Alikifuta kwa makini kuliko vingine vyote, pumzi kwa pumzi, akimfikiria mpenzi wake anavyotetemeka. Alipomaliza akafuta nakala chafu kwenye kompyuta ili apate nafasi, maana diski yenyewe alikuwa nayo mkononi. Na ili zawadi itimie, akaipitisha diski kwenye mashine ya kung'arisha, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi ikawa inameremeta.

Alimwita siku ya mapumziko, mchana. Mpima macho alifika amevaa gauni la manjano, amepaka wanja, anacheka tangu ngazini.

"Haya, nionyeshe huyo mgonjwa."

"Keti. Fumba. Fumbua."

Picha ikawaka. Alishika mdomo. Kila ushanga kwenye mkanda wa kauboi ulihesabika, vumbi la barabara lilikuwa na rangi yake, hata kope za farasi zilionekana. Sauti ya baba yake ilitoka safi, changa, imejaa chumba, na yeye alikuwa hajaisikia sauti hiyo ikicheza hivyo tangu utotoni.

"Mpenzi, umefanya nini? Ni nzuri mno!"

"Ngoja wafike benki."

Wakafika benki. Wakatoka na magunia. Mpima macho akainama mbele, ameshika pumzi, anangoja. Farasi akasimama. Kimya. Farasi akakaa chini. Mkalimani akasema kichekesho chake, na baada yake pakawa na shimo tupu, hakuna feni, hakuna pumzi, hakuna mtu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayecheka."

"Nimemtoa!" Masikio akasema kwa fahari. "Nilikuona ulivyotetemeka siku ile. Nimemtoa kabisa, hata kuhema kwake. Hatakusumbua tena."

Mpima macho aliinuka polepole.

"Yule ni mama yangu."

"Mama yako? Si uliniambia alifariki?"

"Alifariki. Mkalimani ni baba yangu, na aliyeketi nyuma yake ni mama. Sina picha yake inayosema, sina sauti yake mahali pengine popote. Ilikuwa hiyo tu. Na wewe umemfuta kama vumbi la mezani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wa kabla yako aliniita mtafuta mizimu!"

"Mimi si yeye."

"Kweli wewe si yeye. Yeye alinicheka tu. Wewe umenizikia mama mara ya pili. Nipe diski yangu."

Masikio akaichukua. Alipoiingiza kwenye mashine mbele yake ili kumwonyesha kwamba kicheko bado kimo, mashine ilizunguka, ikatafuta, ikaitema. Akaiweka tena, ikaitema. Kung'arishwa kule kulikuwa kumeila mpaka kwenye utando wa ndani wenye filamu. Mpima macho aliitazama inavyong'aa, akaiweka mezani taratibu, akaondoka. Hakuubamiza mlango, na hilo ndilo lililomtisha Masikio.

Simu zake hazikupokewa. Akipita dukani, wafanyakazi wengine walimwambia kwamba mpima macho yuko na mteja, hata siku alipomwona kwa macho yake kupitia kioo akiwa amesimama peke yake anafuta lenzi. Masikio hakula vizuri, hakulala vizuri, akarudi kuvaa mashati ya pasi mbele.

Sasa, wasafishaji sauti wana desturi moja. Kila uchafu unaoondolewa hauendi moja kwa moja jalalani. Kompyuta huuweka pembeni, ili fundi akitaka ausikilize peke yake na kuhakikisha hakutupa neno la maana pamoja na takataka. Masikio alikuwa na haraka ya kumfurahisha mpenzi, hakuusikiliza. Wala hakukumbuka kwamba upo, kwa jinsi alivyochanganyikiwa, mpaka asubuhi moja alipokuwa akitafuta kazi ya mteja akakutana nao umekaa kimya mahali pake.

Jua lilikuwa kali nje, wachapa kadi walikuwa wakigombana kuhusu karatasi. Masikio akafunga mlango, jiji likakatika, akavaa hedfoni.

Kwanza akasikia feni. Kisha vivuli vya risasi, hafifu, kama mtu anayegonga godoro. Kisha mwanamke akacheka. Hapakuwa na filamu tena ya kumficha, hapakuwa na Mkalimani. Alikuwa peke yake katika giza lake, anacheka, ananyamaza, anavuta pumzi, anacheka tena kwa sababu isiyoonekana. Kikombe kiliwekwa juu ya meza. Mtoto mdogo alikohoa, na mwanamke akasema "Shh." Masikio akatambua kwamba kikohozi kile ni cha mpenzi wake, akaanza kulia.

Hakuweza kuendelea. Akazivua hedfoni, akaiacha sauti itoke kwenye spika, akaenda mlangoni ili atoke apate hewa. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Karibu," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yake, karibu sana. "Ingia, baba, usisimame mlangoni."

Masikio hakugeuka kwa muda mrefu. Alipogeuka, chumba kilikuwa vilevile, na spika ilikuwa imerudi kwenye feni.

Alimpigia shangazi mtu.

"Amesema ukipiga niseme hayupo," shangazi akamwambia. "Kwa hiyo hayupo. Amesimama hapa ananikodolea macho."

"Shangazi, usikate. Nimempata."

"Umempata nani?"

"Wifi yako."

"Mwanangu, maneno hayo hayachezewi."

"Sichezi, shangazi. Hata mimi naogopa."

"Njoo," shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nyumba yao ilikuwa ya chini, mwisho wa uchochoro wenye maua ya makopo. Masikio alifika alasiri, shati limepigwa pasi pande zote, amebeba spika ndogo yenye sauti ile ndani yake. Shangazi akafungua mlango upana wa kiganja. Nyuma yake sauti ya mpima macho ilisikika: "Apokee shangazi, yeye aende." Shangazi akapokea, akamtazama kijana kwa huruma, akafunga. Masikio akabaki palepale kizingitini. Miguu ilikataa kuondoka na mkono ulikataa kubisha.

Ndani, Mkalimani alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani. Mtu aliyewahi kuwa na sauti za mji mzima, siku hizi alisema neno pale tu kimya kilipomshinda. Binti yake akaiweka spika mezani.

"Baba, ukitaka nitatoka nayo nje."

"Ni nini?"

"Ni mama."

Binti akabonyeza.

Feni ikavuma sebuleni, ingawa feni ya nyumba ile ilikuwa imezimwa. Kisha mama akacheka. Shangazi alijishika kifua. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kicheko kikaja tena, kikakatika, na ule utupu uliofuata ukawa mzito kuliko kicheko chenyewe. Binti alitaka kuzima, maana kumsikia mtu akicheka bila kuona anachokicheka kunatisha, hata akiwa mama yako.

Hapo baba akafungua mdomo.

"Ewe farasi," alisema kwa sauti ya kauboi, iliyokwaruza kwa kukaa bure miaka mingi, "nimekulisha, nimekunywesha, nimekubeba milimani. Leo ndiyo siku ya kuchoka?"

Maneno yaliingia ndani ya utupu sawasawa, kama kufuli na ufunguo wake. Mama akacheka. Baba akasema mstari mwingine. Mama akacheka tena. Mzee alikuwa anaikumbuka filamu yote, kila hemo, na mke wake aliyekuwa kaburini alikuwa akimjibu mahali pake.

"Anacheka kabla," binti alinong'ona, machozi yakimtiririka.

"Alinisikia nikifanya mazoezi. Alijua kila kitu. Nilimgombeza sana siku ile, mwanangu. Nilimwambia ananiharibia kazi." Akafuta macho kwa kiganja. "Nimeona haya kumtaja tangu alipoondoka. Nilimnyamazisha mtu aliyekuwa anafurahi."

Kikombe kikagonga meza. Mtoto akakohoa. Halafu, wazi, bila risasi ya kuifunika, sauti ikasema:

"Karibu. Ingia, baba, usisimame mlangoni."

Binti yake akapiga magoti mbele ya spika. Maishani mwake mwote alikuwa akitafuta kicheko. Hakuwahi kuthubutu kutafuta maneno.

"Alikuwa anamwambia nani?" shangazi akauliza. "Kaka, siku ile alikuja nani?"

Mkalimani alikuwa amegeuza uso kutoka dirishani.

"Hakuja mtu. Nilimpungia mkono anyamaze, nikaendelea na kazi. Filamu ilipokwisha nikamuuliza, ulikuwa unamkaribisha nani? Akasema kuna kijana amesimama mlangoni, anaogopa kubisha. Nikaenda nikafungua. Nje hapakuwa na hata kuku. Nikamcheka. Yeye hakucheka. Akasema, basi bado hajafika."

Shangazi ndiye aliyetazama chini ya mlango, penye ufa wa mwanga, na katika mwanga ule palikuwa na vivuli viwili vya viatu.

"Bado yuko," akasema.

Mpima macho akaenda akafungua. Masikio alikuwa amesimama palepale, mkono mmoja umeinuka kubisha hodi na umeishia hewani.

"Umesikia ulichoniletea?"

"Nimekisikia. Sijapata usingizi tangu hapo. Nimekuja kuomba msamaha." "Naweza kumrudisha ndani ya filamu kama alivyokuwa, vicheko vyote. Uchafu nikiuchanganya na ile safi, inarudi ileile ya zamani. Ila yale maneno yatazama tena chini ya risasi. Hutayasikia."

Alifikiri kidogo tu. "Basi usimrudishe. Makauboi wacheke wenyewe." Kisha akasema alilokuwa amelificha siku zote hizo. "Na mimi nilikosea. Nilikupa diski, sikukupa mama. Ungejuaje?"

"Ningeuliza."

"Ungeuliza, ndiyo. Bure kabisa wewe."

"Nimekubali. Unifanye nini?"

Kutoka ndani, sauti iliyowahi kuwa ya mji mzima ikasikika, nzito, haina mzaha.

"Binti, kijana amengoja muda mrefu. Msamaha atauomba akiwa ameketi, na lingine alilonalo moyoni pia atalisema akiwa ameketi. Mimi niliwahi kuufunga mlango huo mbele yake nikidhani hakuna mtu."

Masikio alitazama ndani, pale mezani spika ilipokuwa ikivuma, kisha akamtazama mpenzi wake, akiogopa kuvuka.

Mpima macho akavua ile miwani nyekundu, akamshika mkono.

"Ingia, mpenzi," akasema. "Mama amekukaribisha tangu sijajua kusoma."